Sisimizi Kwenye Wino wa Mrakibu

Sisimizi ndio waliotoa taarifa ya kwanza.

Waliingia dirishani, wakashuka ukutani, wakapanda mguu wa meza ya mkuu wa kituo, na sasa walikuwa wamejipanga msururu mmoja mpaka kwenye chupa mpya ya wino. Inspekta Bwanaheri alisimama akiwatazama, kalamu mkononi. Asubuhi hiyo ya Ijumaa alikuwa ameamka na furaha zake, maana alikuwa na kazi aipendayo kuliko zote, kujaribu wino mpya.

"Hebu niambieni," aliwauliza, "tangu lini nyie mnakunywa wino?"

Sisimizi hawakumjibu. Walikuwa na shughuli zao.

Chupa ile haikuwa ya mchezo. Mrakibu Paulo, mkuu wa Kituo cha Polisi cha Mkwajuni mjini Mtwara, aliiagiza yeye mwenyewe kupitia duka la Alawi, ikaja kwa meli kutoka Dar es Salaam. Wino mwekundu. Mrakibu hakuandika maoni yake kwenye majalada kwa rangi nyingine, na kalamu yake ya kujaza wino aliipenda kuliko watu wengi aliowafahamu. Wino uliotangulia ulikuwa mbovu. Uliganda ndani ya kalamu, naye akanuna wiki nzima, kituo kizima kikatembea kwa ncha za vidole. Kwa hiyo Jumatano, kabla hajapanda Landrova kwenda Newala, alimwachia Inspekta agizo.

"Ujaribu kwanza kwa kalamu yako, Bwanaheri. Kama ni wa kukwama, ukwame kwako. Jumamosi nikirudi nikute uko tayari."

Basi Inspekta akawapuliza sisimizi, akafungua kifuniko, akachovya ncha ya kalamu. Akaandika kile anachoandika kila ajaribupo kalamu, tangu utoto wake: *Bwanaheri wa Mikindani*, na mkia mrefu chini yake wa kuringia.

Jina lilitoka na rangi ya chungwa bovu. Kisha likavimba. Kisha likaanza kutembea kwenye karatasi, na ule mkia wa maringo ukageuka ziwa. Inspekta alipoinua mkono, karatasi nayo ikainuka. Ilikuwa imegandia kwenye mkono wa shati.

"Lahaula!"

Akagusa lile ziwa kwa kidole. Akatazama mlangoni, hakuna mtu. Akalamba.

Sukari.

Akalamba tena, maana upelelezi hautaki haraka. Sukari, na kwa nyuma yake, iliki.

"Sharubati!" alisema Inspekta Bwanaheri. "Mtu kaiba wino ndani ya kituo cha polisi, akatuwekea sharubati!"

Angependa kucheka. Tatizo ni kwamba ofisi ile ilikuwa na funguo mbili tu. Moja alikuwa nayo Mrakibu huko Newala. Ya pili alikuwa nayo Konstebo Theresia.

* * *

Theresia alikuja akapiga saluti ya kukata na shoka. Alikuwa binti wa Kimakonde kutoka huko huko Newala, mwanamke wa kwanza kuvaa magwanda pale kituoni, na viatu vyake vilimeta kiasi cha kujitazama. Bado alikuwa kwenye kipindi cha majaribio. Mrakibu hakumtaka tangu siku ya kwanza. Ni Inspekta aliyemng'ang'ania, na Mrakibu akakubali kwa sharti moja alilolisema mbele ya paredi nzima: kosa moja, moja tu, anavua mkanda na kofia anarudi kwao.

"Jana nani kaingia humu?"

"Mimi, afande. Kufagia."

"Na nani?"

"Fundi Josephu alikuja kuandika maneno mlangoni. Ila yeye alikuwa nje."

"Na nani?"

"Basi, afande."

"Basi, au hukumbuki?"

"Basi."

Alilisema neno hilo akitazama darini. Inspekta alikuwa na miaka mingi katika kazi, na hajapata kumwona mtu anayesema kweli akaitafuta darini.

Akamwonyesha chupa. Akamwambia ilivyo. Uso wa yule binti ukasawajika.

"Unajua Mrakibu atasema nini kesho," Inspekta akasema taratibu.

"Atasema nirudi kwetu, afande."

"Basi nisaidie nikusaidie."

"Ufunguo nilikuwa nao mimi, afande. Kama kuna kosa la ufunguo, ni langu."

Akapiga saluti, akaondoka. Inspekta alibaki na roho inamuuma. Binti yule alikuwa polisi mzuri. Hachelewi, hali rushwa, na mwezi uliopita alimkimbiza mwizi wa kuku kutoka Magomeni mpaka Likombe akamrudisha yeye na kuku wake. Kumpoteza mtu kama huyo kwa chupa ya wino, ni uonevu usiokuwa na mfano.

Akaanza kazi. Alinyunyiza unga wa kuchukulia alama za vidole juu ya chupa. Alama zilipatikana, tena safi kabisa, na zote zilikuwa zake mwenyewe. Akaifunga chupa ndani ya bahasha, akaigonga muhuri, akaiandika "kielelezo", akaifungia kabatini. Sisimizi wakahamia kabatini.

* * *

Fundi Josephu alikutwa Magomeni, juu ya ngazi, akiandika kibao cha mkahawa. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko.

"Shuka!" Inspekta akamwamuru. "Nyoosha mikono. Hiyo nyekundu ni ya nini?"

"Rangi, Inspekta."

"Rangi ipi?"

"Ya mlango wenu! Nyie si ndio mlisema maneno yawe mekundu, mkubwa wenu anapenda nyekundu?"

Inspekta akaomba maji na sabuni kwa mwenye mkahawa. Akaisugua mikono ya fundi huku wanywa kahawa wametoa macho. Wino wa kalamu ni wa majimaji, ungeanza kutoka pale pale. Nyekundu ile haikutikisika. Akaomba mafuta ya taa. Ikatoka mara moja.

"Umetakasika," Inspekta akasema.

"Na ninanuka koroboi," Josephu akanung'unika. "Mnatafuta nini hasa?"

"Swali lako la nini, wewe jibu langu. Jana ulipokuwa mlangoni kwa Mrakibu, ulimwona nani ndani?"

"Sikuona mtu. Mlango uliegemezwa, nami nilikuwa nahangaika na herufi zangu. Nilisikia tu watu wanacheka."

"Watu?"

"Wanawake. Mmoja anakohoa kama ana homa, mwingine anamcheka, halafu wote wawili wanacheka."

"Una hakika ni wawili?"

"Inspekta, mtu mmoja anaweza kujichekesha. Kujicheka kwa sauti mbili, hapana."

Hapo furaha yote ilimtoka Inspekta. Theresia alikuwa amemdanganya. Kuna mwanamke aliyeingia ofisini kwa Mrakibu, mahali ambapo raia haruhusiwi kukanyaga, na konstebo wake anamficha. Akarudi kituoni mbio, akamwita, akamuuliza kwa ukali. Binti akasimama wima, machozi yanamlenga, na jibu likawa lile lile.

"Nimeshasema, afande. Kosa ni langu."

"Theresia! Nakuuliza kama mkubwa wako, na nakuuliza kama kaka yako. Ni nani?"

Theresia akatazama tena darini. Inspekta akatupa kofia mezani, akatoka nje akiwa hajui kama amekasirika au anataka kulia.

* * *

Kuna jambo moja halikumkaa Bwanaheri kichwani. Mwizi wa wino atafanya nini na wino? Anayejua kuandika kwa kalamu ya kujaza ataununua, na asiyejua hana haja nao. Akaona bora akaitazame chupa nyingine ya aina ile ile, mpya, ndani ya kasha lake, aone alichokiona mwizi.

Alawi, mwenye duka, alikuwa mtu wa Mikindani kama yeye, mnene, mwenye mzaha, na walijuana tangu chuoni kwa maalim. Alimletea kasha kutoka rafu ya juu.

"Lile la Mrakibu na hili ni ndugu. Mengine sina, na sitaagiza tena. Wino huu umenitia wazimu."

"Umekutia wazimu vipi?"

"Tazama picha."

Inspekta akatazama. Juu ya kasha na juu ya chupa, katikati ya maandishi ya Kizungu, walikuwa wamechora ua. Ua la zambarau, petali zimefunguka, na katikati yake nyuzi nyekundu tatu.

"Hili si ua la zafarani hili?"

"Wewe sema! Kila mama anayeingia hapa anatoa macho: Alawi, umepata zafarani? Namwambia ni wino, mama. Ananiambia mimi mchoyo, nawafichia jamaa zangu. Mmoja alinitukana mpaka ukoo wa mama yangu! Na ukiifungua ndani ni nyekundu vile vile, kama zafarani iliyorowekwa. Nitawaambia nini wakanielewa?"

Inspekta alicheka mpaka akashika meza. Mwaka ule wa sabini na tatu zafarani ilikuwa imeadimika Mtwara nzima. Hata sokoni ukiitaja, watu walikuuliza kama umetoka safari.

"Alawi, ndugu yangu," alisema akijifuta machozi, "hakuna aliyeiba wino. Kuna mtu kaiba zafarani!"

Sasa swali likageuka. Nani ana haja kubwa ya zafarani kiasi cha kuichukua mezani kwa polisi? Biriani? Wiki ile hapakuwa na harusi. Mtu anayeiba zafarani bila harusi, anataka kombe. Anampelekea maalim, maalim anaandika aya kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji ya waridi, na mwenye shida anakunywa. Inspekta mwenyewe aliyanywa makombe mengi utotoni, alipokuwa na degedege. Basi kuna mtu mwenye shida. Ila wenye shida mji mzima walikuwa wengi, na Jumamosi ilikuwa kesho.

* * *

Jumamosi jioni Rahaleo walikuwa wanacheza na Magomeni, na mji wote ulihamia uwanjani. Landrova ya Mrakibu Paulo ilifika moja kwa moja kutoka Newala, vumbi tupu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mgeni wa heshima. Hata hakukaa.

"Wino wangu?"

"Upelelezi unaendelea, afande."

"Upelelezi wa nini? Nimeuliza wino!"

Inspekta akamweleza kwa kifupi. Mrakibu alisikiliza huku masharubu yakimchezacheza.

"Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Konstebo Theresia. Lakini afande, nipe siku..."

"Nilisema nini mbele ya paredi?"

"Ulisema kosa moja, afande."

"Basi aitwe aje hapa hapa, na mkanda na kofia. Mimi sirudi nyuma kwa neno langu."

Askari akatumwa kituoni. Wakashuka uwanjani kuwapa mkono wachezaji, Mrakibu mbele, kidevu juu, macho yake yakitazama juu ya vichwa vya watu kama kawaida yake. Inspekta alifuata nyuma, kichwa chini, akishika mkono mmoja baada ya mwingine bila hata kuwaona wenyewe.

"Karibu sana, Inspekta," alisema nahodha wa Rahaleo, akatabasamu.

Bwanaheri akaganda. Meno ya nahodha yalikuwa mekundu. Ulimi mwekundu. Fizi nyekundu.

Tangu lini nahodha anatafuna tambuu?

Akamshika mkono wa pili. "Hujambo, kijana?" "Sijambo!" Nyekundu. Wa tatu, nyekundu. Winga wao Mikaeli, kijana mchangamfu wa Kimakonde aliyesoma misheni, alikenua meno yote, na kinywa chake kilikuwa chekundu kuliko vya wenzake wote. Kipa wao, Issa, hakusema kitu. Aliinamisha kichwa tu, na Inspekta hakujali, maana sasa moyo ulikuwa unamdunda kwa raha. Timu nzima ilikuwa imekunywa wino wa Mrakibu!

Na nyuma ya goli la Rahaleo, amekaa juu ya kigoda na ndoo yake ya kuuzia, kanga kichwani, alikuwapo Bi Saumu. Bi Saumu aliyewauzia chai askari wa Mkwajuni kila asubuhi, na vitu vya baridi kila mchana. Bi Saumu, mama yake Issa.

Kipenga kikalia. Inspekta akauzunguka uwanja kwa mwendo wa mtu anayepunga upepo.

"Shikamoo, Bi Saumu."

"Marahaba, mwanangu Bwanaheri. Joto hili, karibu upoze koo."

Akapewa gilasi. Rangi ya chungwa. Akanywa funda moja, akafumba macho. Sukari. Iliki.

"Mama, sharubati yako watu wengine wanaiga?"

"Thubutu! Iliki yangu hii, nani anaweza? Wenzangu wanatia sukari wanaona wamemaliza."

"Alhamisi ulipita kituoni."

"Siku gani nisiyopita?"

"Uliingia ofisini kwa Mrakibu."

Mkono wa Bi Saumu ukasita juu ya ndoo. "Mimi? Niingie kwa Mrakibu nikafanye nini?"

"Kulikuwa na wanawake wawili mle ndani, mmoja ana homa."

"Homa iko mji mzima, baba."

"Na vijana wako leo vinywa vyao..."

"Toka, toka, toka!" Bi Saumu aliruka juu. Mshambuliaji wa Magomeni alikuwa amebaki peke yake na Issa. Shuti likatoka. Issa akaruka, akaupangua mpira ukapita juu ya mwamba, na Rahaleo wakalipuka kwa kelele. "Umeona? Umemwona mwanangu? Eti walisema anadaka kuku! Leo waje waseme!"

"Nimemwona. Sasa nijibu."

"Sina la kujibu, mwanangu. Kunywa, ni bure yako."

Alikuwa mgumu. Macho yake hayakutoka kwa Issa. Inspekta alijua akimkamata pale pale, mbele ya mwanawe, angeivunja mechi na labda asingepata hata neno moja. Akatazama upande wa pili wa uwanja, akaona kitu kilichomtoa pumzi. Theresia alikuwa amefika. Alisimama mbele ya meza ya mgeni wa heshima, wima, na mikono yake ilikuwa inafungua mkanda.

"Yule si Theresia?" Bi Saumu akauliza. "Ameitiwa nini binti yangu?"

"Anavuliwa kazi."

"Kwa lipi?"

"Kwa ile chupa. Hakutaka kutaja aliyekuwa naye ofisini, basi kosa limekuwa lake. Kesho anarudi Newala."

Bi Saumu akamtazama Inspekta. Akamtazama mwanawe golini. Akamtazama tena yule binti, ambaye sasa alikuwa anaivua kofia. Kata ya kuchotea sharubati ikamponyoka, ikazama ndani ya ndoo.

"Yarabi! Nimefanya nini mimi?"

Hakuuzunguka uwanja. Alijifunga kanga kiunoni akakata katikati, mbio, wachezaji wakimkwepa, mwamuzi akipiga kipenga mpaka mashavu yakamvimba. Mwamuzi alipoona hasikilizwi, akatangaza mapumziko kabla ya wakati wake. Inspekta alikimbia nyuma, akihema.

"Mrakibu! Mrakibu, mwache!" Bi Saumu alipiga kelele kabla hata hajafika. "Mrudishie mkanda wake! Mwizi ni mimi!"

* * *

Mrakibu Paulo alisimama. Watu wakasogea. Wachezaji nao wakaja, jasho linawatiririka.

"Sema taratibu, mama," alisema Inspekta. "Ulichukua nini?"

"Zafarani."

"Ile ni wino, Bi Saumu."

"Wino?" Alitazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa. "Wino gani wenye ua la zafarani?"

"Ndivyo ulivyoandikwa, wino."

"Kuandikwa nimeona, lakini Kizungu! Kisomo cha watu wazima sikosi hata siku moja, mwulize mwalimu wetu, ila tunasoma Kiswahili. Yarabi, nimewanywesha watoto wa watu wino!"

Timu nzima ya Rahaleo ikashika matumbo kwa pamoja. Mwuguzi wa huduma ya kwanza akaomba kasha la wino, ambalo Alawi, naye akiwa miongoni mwa watazamaji, alikwenda kulitoa dukani kwake mbio mbio. Mwuguzi akalisoma, akauliza kila mmoja alikunywa kiasi gani, akatikisa kichwa.

"Kijiko cha wino ndani ya sufuria ya maji, mmegawana watu wote hao? Hamfi. Kunyweni maji mengi, na kesho mkienda msalani msishtuke."

Vicheko vikaanza pembeni. Mrakibu akakohoa vikanyamaza.

"Endelea," akasema.

"Alhamisi nilimkuta huyu binti anatetemeka kwa homa, ufagio mkononi," Bi Saumu alisema, akimshika Theresia mkono. "Nikamwambia kaa, mwanangu, nitafagia mimi. Akakataa, nikamnyang'anya. Tukawa tunacheka. Alipoinama kuokota taka nikaiona chupa. Miezi mingapi natafuta zafarani! Nikaimimina kwenye kichupa changu cha marashi, nikajaza sharubati isionekane pengo, nikaifuta chupa kwa kanga. Kaka yangu anakuja mwezi ujao kutoka Unguja, ananiletea, ningerudisha. Wallahi ningerudisha."

"Na zafarani ya nini?"

Bi Saumu akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Issa. Mwanangu ndiye huyu mmoja. Mechi tatu wamemfunga mabao, mpaka watoto wanamwimba njiani. Wenzake walisema leo akifungwa tena, jezi anavua. Naye akaniambia, mama, nikivuliwa jezi napanda meli naenda Dar, sitaki kuonekana tena mji huu. Nibaki na nani mimi? Nikampelekea maalim aandike kombe, akaniambia zafarani hii inateleza vizuri ajabu. Nikawagawia wote, wasije wakasema nimempendelea wangu."

Theresia alikuwa analia waziwazi. "Sikujua kama alichukua, afande," alimwambia Mrakibu. "Nilijua tu alinifagilia nikiwa mgonjwa. Ningemtaja, angefukuzwa kituoni na chai yake. Nilipoiona ile sharubati nikahisi, lakini ningesemaje?"

"Kwa hiyo ukakubali kupoteza kazi."

"Ndiyo, afande."

Mrakibu alitazama mkanda na kofia juu ya meza, akawatazama wachezaji kwa mara ya kwanza tangu aingie uwanjani.

"Nimeambiwa wino wangu uko ndani yenu," alisema kwa sauti ya paredi. "Nataka kuuona. Jipangeni! Ndimi nje!"

Rahaleo wakajipanga. Vijana wazima, jezi zimelowa, wakamtolea ulimi mkuu wa kituo cha polisi mbele ya mji mzima. Mrakibu akatembea mbele yao akikagua, mikono nyuma. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Alipofika kwa Mikaeli, ambaye ulimi wake uliwaka mpaka kwenye koromeo, masharubu ya Mrakibu yakaanza kutetemeka.

"Wewe ulikunywa pipa?"

"Nangu, yaani mimi, nilikunywa mara mbili, afande."

"Kwa nini mara mbili?"

Mikaeli akamtazama Issa kwa jicho la pembeni. Mrakibu akasogea hatua moja, mpaka mbele ya kipa.

"Wewe. Ulimi."

Issa akatikisa kichwa.

"Ulimi, kijana!"

Issa akautoa taratibu, kwa haya. Ulikuwa ulimi wa kawaida kabisa, wa mtu aliyekunywa maji.

Watu wakasukumana waone.

"Hukunywa?" Mrakibu akauliza.

"Sikunywa, afande. Lile kombe lilinuka marashi, mimi marashi yananikumbusha msiba. Nikaona vibaya kumwaga maneno ya Mungu, nikampa Mikaeli."

"Na lile shuti umelipangua na nini?"

"Na mikono, afande."

Bi Saumu alimtazama mwanawe kutoka utosini mpaka miguuni. Machozi yakakauka palepale.

"Issa! Mimi nimeingia kwa polisi, nimeiba, nimemtesa mtoto wa watu, nimewanywesha wenzio wino... na wewe hukunywa?"

"Mama, subiri..."

Mama hakusubiri. Kandambili ilikuwa tayari mkononi. Issa akageuka akatimka kuelekea golini kwake, mama nyuma yake, kanga inapepea, na watazamaji wa Rahaleo na wa Magomeni kwa mara ya kwanza wakashangilia upande mmoja.

Mrakibu Paulo alijikaza. Aliuma mdomo, akatazama mbinguni, lakini haikusaidia. Kicheko kilimtoka cha ghafla, kikubwa, mpaka akakaa chini kwenye kiti na kujipigapiga mapaja. Inspekta Bwanaheri, aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo, hakuwa amejua kwamba mkubwa wake ana meno mengi namna ile.

"Afande," Inspekta akaona nafasi, "mwenye mali ni wewe. Unafungua mashtaka?"

"Mashtaka gani? Nikasimame mahakamani niseme wino wangu umenywewa?" Akachukua mkanda na kofia mezani, akamrushia Theresia, naye akavidaka kifuani. "Konstebo! Kamkamate yule mama haraka!"

Theresia akanywea. "Kwa wizi, afande?"

"Wizi umekwisha! Kwa kumpiga kipa kabla ya kipindi cha pili. Rahaleo hawana mwingine!"

"Afande!" alisema Theresia, na akaanza kukimbia huku anafunga mkanda.